Nani alikaa na watoto Buchi Emecheta akiandika?

Mwaka 1986, mbele ya waandishi wa Afrika waliokutana Stockholm, Sweden, Buchi Emecheta aliieleza kazi yake kwa maneno mepesi. Alisema yeye huandika juu ya mambo madogo madogo ya kila siku katika maisha ya wanawake wa Kiafrika anaowafahamu. Kama kwa kufanya hivyo watu wanamwita mtetezi wa wanawake, basi na waite, lakini hakuanza na nadharia. Alianza na jiko, watoto, kodi ya nyumba na mume. Alipokuwa anasema hayo alikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, ameshachapisha riwaya zaidi ya nane, na amelea watoto watano London bila baba yao.

Mambo madogo aliyoyasema ni ya namna gani? Chukua gauni la kulalia. Katika riwaya yake ya Second Class Citizen, iliyotoka mwaka 1974, Adah, msichana kutoka Lagos, amelazwa hospitali London baada ya kujifungua kwa upasuaji. Wodi imejaa wanawake waliozaa kama yeye. Waume zao wanakuja na maua jioni. Kila mmoja amevaa gauni lake alilotoka nalo nyumbani, lenye lesi au maua maua, isipokuwa Adah, ambaye bado amevaa gauni la hospitali. Hakujua kwamba watu huja na la kwao. Mumewe hakujua pia, au hakujali. Kuanzia anapogundua, anaona kila jicho linamwangalia, na aibu ya kitambaa kile inamuuma kuliko mshono wa tumboni. Emecheta haandiki popote katika kurasa hizo kwamba ndoa ya Adah ni mbovu. Hana haja. Mwanamke yeyote aliyewahi kulazwa wodi ya wazazi, akatazama begi la jirani na kulinganisha na la kwake, ameshaelewa kila kitu.

Nimemsoma Emecheta kwa miaka mingi, na ninampenda kwa kurasa kama hizo. Kinachoniudhi ni sifa tunazompa. Kila anapotajwa huitwa mama shujaa, mwanamke wa chuma, aliyeandika usiku watoto wamelala. Sifa hizo ni za kweli, ila zinatufanya tuache kuuliza. Riwaya ya kurasa mia mbili inakula saa nyingi, na saa za mama mwenye watoto watano zina wenyewe. Ili aandike, lazima mtu mwingine awe amewashika watoto, au amelipa kodi, au amepika, au watoto wawe wameachwa peke yao. Nataka kujua ilikuwaje. Yeye mwenyewe hakuficha. Aliandika hesabu hiyo kwenye riwaya zake na kwenye tawasifu yake, Head Above Water, iliyotoka mwaka huo huo wa 1986.

Alizaliwa Lagos tarehe 21 Julai 1944, wazazi wake wakiwa Waigbo wa Ibusa, mji ulio upande wa magharibi wa Mto Niger. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Alipelekwa Burma katika Vita Kuu ya Pili, vita ile ile iliyowachukua babu zetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, na alirudi na jeraha ambalo hatimaye lilimuua, binti yake akiwa bado mdogo wa shule. Mama alikuwa na historia nzito zaidi. Alipokuwa mtoto yatima, kaka yake alimuuza kwa jamaa ili apate pesa za mapambo ya ngoma ya kuingia utu uzima. Alitumikishwa utumwani mpaka bibi mwenye mali alipofariki, ndipo akarudi kwao. Emecheta aliigeuza habari hiyo kuwa riwaya ya The Slave Girl, mwaka 1977. Msomaji wa nje anaweza kuiona kama hadithi ya biashara ya watumwa. Kwa aliyeiandika, ilikuwa habari ya mama aliyekuwa akimsuka nywele.

Hadithi alizipata kwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba. Likizo familia iliporudi Ibusa, watoto walikaa miguuni pa mama huyu mbalamwezi ikiwaka, naye akawasimulia habari za ukoo wao, na za mababu waliojulikana kwa majina. Buchi aliona hakuna cheo duniani kinachozidi kile, mtu mzima kukaa na watoto wakamsikiliza hivyo. Baadaye, akisoma Methodist Girls' High School pale Yaba, mwalimu wa fasihi Mwingereza aliwauliza wanafunzi wanataka kuwa nani. Yeye akajibu kuwa anataka kuwa mwandishi. Mwalimu akamtoa darasani aende kanisani kumwomba Mungu msamaha kwa majivuno. Alivyosimulia mwenyewe, alitoka kweli, lakini kuomba msamaha hakuomba.

Aliolewa akiwa na miaka 16. Mume alitangulia London kusoma, na mwaka 1962 akamfuata na watoto wawili wadogo. Watoto wengine watatu walizaliwa huko. Kazi ya maktaba aliipata yeye, kwa hiyo mshahara ulioingia nyumbani ulikuwa wake.

Sasa watoto nani alikaa nao? Second Class Citizen, ambayo ni maisha yake kwa sehemu kubwa, inajibu kwa namna inayochoma. Adah anakwenda kazini, na mume anayesoma nyumbani anasema kulea si kazi yake. Anatafutwa mwanamke Mwingereza anayeitwa Trudy, mwenye kibali cha halmashauri cha kulea watoto mchana kwa malipo. Siku moja Adah anakwenda bila kubisha hodi. Anamkuta Trudy sebuleni na mwanamume, na anapouliza watoto wako wapi, anaoneshwa uani. Huko mtoto wa kiume anachambua takataka kutoka kwenye pipa, na dada yake ananawa uso kwa maji yanayovuja kutoka chooni. Muda si mrefu, mtoto yule wa kiume anaugua homa ya uti wa mgongo.

Ukurasa huo nimewasomea kina mama wenzangu kazini. Ukimya uliofuata haukuwa wa fasihi. Kila mmoja wetu alikuwa anamfikiria mtu aliyemwachia mtoto asubuhi ile.

Katika nyumba hiyo ya Adah na mumewe ndimo ilimoanzia riwaya ya kwanza. Adah amepata likizo ya uzazi, mtoto mchanga amelala, wakubwa wanacheza, na kwa mara ya kwanza tangu afike Uingereza ana saa za mchana mikononi. Ananunua madaftari manne ya shule na kuyajaza. Anaiita The Bride Price, yaani mahari. Wafanyakazi wenzake wa maktaba wanasoma na kumwambia ipelekwe kwa wachapishaji. Anampa mumewe asome, naye anakataa, akimkumbusha kuwa yeye ni mwanamke, tena mweusi. Jumamosi moja anarudi kutoka sokoni, anasikia harufu ya karatasi kuungua, anamkuta mume amesimama kwenye jiko akitia moto ukurasa mmoja mmoja. Anasema familia yake haitaridhika kuona mkewe ameandika kitu kama kile.

Hiyo haikuwa ya kubuni. Mswada wa Emecheta ulichomwa na mumewe hivyo hivyo. Mwaka 1966 aliondoka kwenye ndoa, na wasifu wake wote husema neno moja: miaka 22, watoto watano.

Wengi wanaosimulia maisha yake hukimbia kutoka hapo moja kwa moja hadi kwenye vitabu, kana kwamba moto ulimwashia ari na ari ikaandika riwaya. Kati ya moto huo na kitabu cha kwanza ipo miaka sita, na ndiyo miaka inayohitaji kuangaliwa kwa makini.

Alifanya kazi katika maktaba ya British Museum hadi mwaka 1969. Aliamka alfajiri, kabla watoto hawajaamka, akaandika. Halafu akawavalisha, akawapeleka shule, akaenda kazini. Jioni alisoma, maana alikuwa ameamua kuchukua shahada ya sosholojia Chuo Kikuu cha London, na aliipata. Kwa muda aliishi kwenye maghorofa ya halmashauri kaskazini mwa London, majengo ya zamani yenye unyevu ukutani na mrundo wa takataka kwenye ngazi, wakiwekwa humo akina mama wasio na waume na familia ambazo mitaa mingine haikuzitaka. Kuna wakati kazi na watoto havikuwezekana pamoja. Akaacha kazi, akaishi kwa posho ya serikali.

Kitabu cha In the Ditch kinatoka hapo. Kinamwonesha Adah katika foleni ya posho, akijibu maswali ya afisa anayetaka kujua kwa nini viatu vya mtoto vimeisha mapema. Kinaonesha pia wanawake wa maghorofa, weupe kwa weusi, Bi Cox na binti yake Whoopey na wengineo, wanaoazimana sukari na wanaokwenda ofisini kwa pamoja ili mmoja asionewe peke yake. Ni kitabu chenye uchungu na kicheko ndani ya aya moja. Na ukikisoma ukiwa na swali langu kichwani, unaona saa zilitoka wapi. Nyumba ilikuwa mbovu lakini ilikuwa na kodi anayoiweza. Posho ilidhalilisha lakini ilifika. Shule ya watoto ilikuwa bure, daktari bure, maktaba bure. Majirani walikuwa macho ya pili kwa watoto. Ondoa kimojawapo, na sidhani kama yule mama angefika kwenye ukurasa wa kumi, awe na ushujaa wa aina gani.

Nasema hivi nikijua ninavyoweza kueleweka vibaya. Simpunguzii sifa. Walikuwepo wanawake wengi katika maghorofa yale, wote walipata posho ile ile, na aliyeandika ni mmoja. Lakini tukimsifia uvumilivu peke yake tunawaambia waandishi wengine kwamba walichokosa ni uvumilivu, na hilo si kweli.

Alichokuwa nacho zaidi ni mlango mmoja uliofunguka. Alianza kulitumia jarida la New Statesman habari za maisha yake ya maghorofani. Hazikujibiwa. Akatuma tena na tena, hadi wahariri wakakubali kuzichapisha mfululizo mwaka 1971. Mwaka uliofuata zikawa kitabu. Baadaye mswada wa Second Class Citizen ukafika kwa Margaret Busby, mzaliwa wa Ghana, aliyekuwa ameanzisha na mwenzake kampuni ya uchapishaji ya Allison & Busby mwaka 1967. Busby akawa mhariri wake. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa Second Class Citizen, kisha The Bride Price mwaka 1976, ikiwa imeandikwa upya tangu mwanzo, kisha The Slave Girl, kisha The Joys of Motherhood mwaka 1979. Vitabu vinne katika miaka mitano, na mwandishi wake wakati huo huo akifanya kazi na vijana na jamii mitaani London.

Mwaka 1976, mwandishi Mmarekani Alice Walker aliandika kuhusu Second Class Citizen makala ambayo imesomwa sana. Alivutiwa na jinsi Emecheta alivyowatabarukia kitabu watoto wake watano, akisema bila kelele zao tamu kisingeandikwa. Hoja ya Walker ni kwamba huyu ni mwandishi kwa sababu ya watoto wake, si licha ya kuwa nao. Alieleza pia kwamba kwa Adah, riwaya ni kitu cha kuwaandalia watoto watakapokuwa watu wazima, kwa hiyo kuiandika na kuwalea ni kazi moja. Ni hoja nzuri, na inaondoa uongo wa zamani kwamba msanii lazima akae mbali na vilio vya watoto.

Hata hivyo naona Walker alisimama mapema mno. Kelele tamu ni za mchana ambao mtoto ni mzima, ameshiba, na yuko chumba cha pili. Emecheta alijua kelele nyingine pia, na miaka mitatu baadaye akaziandika.

The Joys of Motherhood ndiyo riwaya yake kubwa kuliko zote. Jina lake linajibizana na mwisho wa Efuru, riwaya ya mwaka 1966 ya Flora Nwapa, Mnijeria mwenzake aliyemtangulia. Mhusika mkuu, Nnu Ego, anatoka Ibusa kwenda Lagos kuolewa na mfua nguo wa Wazungu. Anazaa, anapoteza mtoto wake wa kwanza, anataka kujiua darajani. Kisha anazaa tena na tena. Kila senti inakwenda kwenye karo za wavulana na tumbo la wote. Anauza sigara na viberiti barabarani, anauza kuni. Wavulana wanasoma mpaka ng'ambo, mmoja Marekani na mwingine Kanada. Yeye anarudi kijijini na siku moja usiku anakufa kando ya njia, hana mtoto wa kumshika mkono. Wanapokuja kumzika, watoto wale wale wanamfanyia mazishi ya fahari.

Hakuna anayelaumiwa waziwazi katika kitabu hicho, na ndiyo maana kinaumiza. Watoto si wabaya, ila barua anazozisubiri mama haziji. Ni wale watoto ambao kila mtaa wetu unao, waliosomeshwa kwa maandazi ya mama, na sasa simu yao ya Jumapili inakatika katikati.

Katika tawasifu yake Emecheta ameeleza alivyokiandika. Alikuwa amegombana na binti yake wa kwanza, Chiedu, kuhusu shule. Binti akahama nyumbani akaenda kwa baba yake, baba yule yule. Mama akabaki na taipu. Aliandika kwa kasi ambayo hakuwahi kuandika kabla, kwa majuma machache, akiwa na hasira na uchungu wa mzazi aliyetoa kila kitu akaona mtoto anafunga mlango. Binti alirudi baadaye, na akafariki akiwa bado kijana, kabla tawasifu haijatoka. Emecheta angeweza kuuacha ugomvi ule nje ya kitabu, maana aliyekuwa upande wa pili hakuwa hai tena na hakuna ambaye angeuliza. Aliuandika. Kwangu huo ni uaminifu mkubwa kuliko wa kumwandika mume aliyechoma daftari, kwa sababu mume ni rahisi kumshtaki.

Kwa hiyo watoto walikuwa sababu ya kuandika, walikuwa kizuizi cha kuandika, na walikuwa habari yenyewe, mara nyingi siku moja. Walikuwa pia washiriki. Titch the Cat, kitabu chake cha watoto cha mwaka 1979, kilitokana na hadithi ya binti yake Alice. Nowhere to Play, kilichofuata, kilitokana na ya binti yake Christy, na kinahusu watoto wa mjini wasio na mahali pa kuchezea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alianzisha kampuni ya kuchapisha vitabu vyake mwenyewe, Ogwugwu Afor, akisaidiana na mwanawe Sylvester. Alipopatwa na kiharusi mwaka 2010 kalamu ilisimama. Alifariki London tarehe 25 Januari 2017. Ni Sylvester huyo huyo ambaye ameanzisha Omenala Press ili vitabu vya mama yake virudi madukani.

Kwetu Afrika Mashariki hesabu hii inatuhusu. Mwaka ule ule wa 1966 ilipotoka Efuru, Mkenya Grace Ogot, muuguzi na mkunga, mama wa watoto wanne, alitoa The Promised Land. Tulianza pamoja na Nigeria. Lakini chukua rafu ya riwaya ya Kiswahili. Utamwona Shaaban Robert, Mohamed Suleiman Mohamed, Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed, Adam Shafi, kila mmoja na vitabu vyake vimepangana. Wanawake wapo: Zainab Burhani aliyeandika Mali ya Maskini, Zainab Mwanga wa Kiu ya Haki, Clara Momanyi wa Nakuruto, Zainab Alwi Baharoon aliyetupa Mungu Hakopeshwi. Mara nyingi unakuta riwaya moja au mbili, halafu ukimya wa miaka. Siamini kwamba waliishiwa na habari. Nyumba zetu hazijawahi kuishiwa na habari.

Tuzo zipo sasa, na nazishangilia. Tuzo ya Kiswahili iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell imewatoa watu ambao tusingewajua, Baharoon akiwa mmojawapo. Ila tuzo humlipa mwenye mswada uliokwisha. Emecheta alisaidiwa na kitu kingine: jarida lililochapisha kipande leo, kingine wiki ijayo, akiwa bado hajui kitabu kitaishaje. Magazeti ya Kiswahili yamewahi kuwa na hadithi za mfululizo ambazo watu walizisubiri kama mpira wa Jumamosi. Nawaomba wahariri wenzangu tuzirudishe, na nafasi hiyo tuitoe kwanza kwa mwanamke mwenye watoto nyumbani, alipwe kwa kila kipande kinapotoka. Kipande cha maneno elfu moja kinaandikika alfajiri tatu. Riwaya nzima haiandikiki mpaka watoto wamalize shule.

Linabaki jambo ambalo katika mazungumzo yetu kuhusu wanawake na uandishi huwa tunalipita haraka. Emecheta hakuwa na dada wa kazi London. Sisi wa Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa tunaye. Mwanamke wa mjini anayepata saa mbili za kuandika, mimi nikiwamo, anazipata kwa sababu msichana wa miaka kumi na saba au ishirini kutoka Singida au Iringa yuko jikoni na mtoto mgongoni. Saa zetu zimenunuliwa kwake, na kwa bei tunayoijua wenyewe.

Na Emecheta alikuwa msichana huyo. Watu wanaomwita mama shujaa hulisahau hili kabisa. Baba alipofariki, ukoo uligawana watoto, naye akapelekwa kwa ndugu wa upande wa mama pale Lagos kulelewa, maana yake kutumika. Katika Second Class Citizen, Adah anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Kuna pipa kubwa barazani, na lazima alijaze maji kwa safari kumi au kumi na mbili hadi bombani kabla ya kwenda shule. Watoto wenzake wanazungumza juu ya mtihani wa kuingia sekondari, ambao ada yake ni shilingi mbili. Hana mtu wa kumwomba. Siku moja anapewa shilingi mbili akanunue nyama. Anazificha na kurudi akisema zimeanguka. Anajua kitakachofuata, na ameshakikubali. Binamu anamchapa kwa kiboko, na Adah anahesabu mpaka mia moja na tatu. Alilipa ada, akafanya mtihani, akashinda na kupata ufadhili wa masomo.

Hapa Tanzania mtu aliyekatiza shule anaweza kujisajili kwa mtihani wa maarifa, QT, na baadaye kufanya wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kuna madarasa ya jioni mijini, na ada yake inalipika kwa nyumba yoyote inayoweza kumlipa msaidizi wa kazi. Kinachokosekana ni ruhusa ya kutoka saa kumi jioni, siku nne kwa wiki, na mwenye nyumba kukubali kwamba saa hizo chakula cha jioni atapika yeye. Tulianza utaratibu huo nyumbani kwangu mwaka huu. Makala hii imechelewa kwa mhariri kwa sababu hiyo, na nimemwambia hivyo hivyo.